Kukosea kwa Makusudi: Namna Ninavyoirudia Kambi Msituni

Hema langu lilikuwa kando ya kijito. Asubuhi nilikuwa nimepanda kilima kilicho umbali wa kilomita 3 hivi, na alasiri nikashika dira, nikashuka nikiwa nimeielekeza hemani moja kwa moja. Msitu mnene, ukungu juu yake. Saa 11 jioni nikatokea kijitoni. Maji nayaona, hema silioni. Hapo ndipo lilipokuja swali ambalo dira haina jibu lake: niende kushoto au kulia?

Nikaenda kushoto. Nikatembea dakika 40, kila kona nikijiambia lipo hapo mbele tu. Halikuwapo. Nikageuka, giza likanikuta njiani, na nilipolipata hatimaye kwa mwanga wa tochi, nikaona kwamba pale nilipotokea mwanzo, hema lilikuwa mita 200 tu upande wa kulia.

Watu nikiwasimulia hunipa pole kwa kupotoka. Lakini kupotoka si kosa, kila atembeaye porini hupotoka. Kosa langu lilikuwa kulilenga hema lenyewe.

Hesabu yake si ngumu. Ukikengeuka digrii 1, baada ya kilomita 1 uko kando kwa mita 17 na ushei. Na nani awezaye kushika digrii 1 msituni? Unakwepa gogo, unazunguka kichaka, mteremko unakuvuta chini bila kukuaga. Mimi hujihesabia digrii 5 nikiwa makini, nikichoka, zaidi. Digrii 5 katika kilomita 3 ni mita 260 upande wowote ule. Maana yake ukilenga hema, unatokea mahali fulani katika ukanda wa nusu kilomita, na kibaya zaidi ni kwamba hujui uko upande gani wa hema.

Wapo wanaoniambia wao hawahitaji haya, wanaujua mwelekeo moyoni. Nawaheshimu, ila siwafuati. Mwaka 2009 watafiti waliokuwa na Jan Souman, Ujerumani, walichapisha majaribio ambayo watu waliachwa watembee msituni na jangwani wakiwa wamevaa vifaa vya kurekodi njia yao. Jua lilipoonekana, waliweza kwenda takribani mstari mmoja. Mawingu yalipotanda msituni, walizunguka wakakatiza njia yao wenyewe, na hawakujua. Waliofungwa macho walizunguka duara ambalo wakati mwingine halikuzidi upana wa mita 20. Ile hadithi kwamba mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake ndio unaotuzungusha haikusimama, kwa kuwa mtu yule yule mara alivutwa kushoto, mara kulia.

Dawa yake naiita kulenga pembeni. Badala ya kuelekeza dira hemani, naongeza digrii 10 upande wa juu wa kijito, yaani upande maji yanakotoka. Katika kilomita 3 hiyo inanipeleka mita 530 kando ya hema, kwa makusudi kabisa. Sasa niongezee upotokaji wangu wa kawaida wa digrii 5: nikivutwa kuelekea hemani, natokea mita 260 juu yake, nikivutwa mbali, mita 800. Vyovyote iwavyo niko juu. Nikigusa maji nageuka kufuata yanakoelekea, sina haja ya kusimama kufikiri. Na nikipita mita 900 bila kuona hema, najua kuna jambo jingine limeharibika, pengine nimeshika kijito kisicho chenyewe.

Gharama yake ni robo saa ya kutembea zaidi. Naona ni bei ndogo.

Mfano ninaoupenda hauko hata nchi kavu. Mwaka 1931 Mwingereza Francis Chichester aliruka peke yake kutoka New Zealand hadi Australia, juu ya Bahari ya Tasman, kwa ndege ndogo ya Gipsy Moth iliyofungwa maboya badala ya magurudumu. Ilimlazimu atue kwenye kisiwa cha Norfolk kisha Lord Howe, na Norfolk ni nukta ya kilomita za mraba zipatazo 35 katikati ya maji. Angelilenga kisiwa na asikione, angegeukia wapi? Basi akaruka akilenga pembeni yake, akapima kimo cha jua, na hesabu ilipomwambia amefika kwenye mstari unaopita kisiwani, akageuka. Kisiwa kikatokea mbele. (Baadaye dhoruba iliipindua ndege yake ikiwa imetia nanga Lord Howe, ikabidi aiunde upya. Kwa hilo mbinu yangu haina msaada.)

Mbinu hii ina masharti. Lazima uwepo mstari wa kukupokea, kama kijito, barabara au ukingo wa ziwa, tena mrefu pande zote mbili za unakokwenda. Usiitumie kuelekea kwenye ukingo wa jabali, hasa penye ukungu. Na kabla ya yote sahihisha tofauti ya kaskazini ya sumaku, ile inayoonyeshwa na dira, na kaskazini ya ramani. Kuna maeneo inapita digrii 15, na ukiisahau, zile digrii 10 zako za makusudi zimemezwa zote.

Saa ya mkononi nayo hunisaidia. Mskoti William Naismith aliweka kanuni mwaka 1892: takribani saa 1 kwa kila kilomita 5, na nusu saa zaidi kwa kila mita 300 za kupanda. Msituni mimi huongeza nusu ya muda huo, maana kanuni ile haikufikiria miiba. Muda ukipita na kijito sijakiona, nasimama na kutoa ramani; siendelei kwa matumaini.

GPS ninayo, na ninaitumia. Huwa iko ndani ya begi, imezimwa, kwa sababu baridi hula betri.

Siku hizi kabla ya kuondoka hemani naangalia maji yanakwenda wapi, kisha naandika pembeni mwa ramani neno moja la jioni: kulia, au kushoto. Naliandika nikiwa nimelala vizuri na nimeshiba, kwa sababu saa 11 jioni, nikiwa nimelowa, ninaweza kujishawishi lolote.