Kiti cha baketi ni nini, na kwa nini hakinunuliwi peke yake

Ukimsikia dereva wa mbio za magari akisema ameweka baketi, maana yake ameng'oa kiti kilichokuja na gari na kufunga kingine cha kipande kimoja. Mgongo wa kiti hiki haukunjiki wala haulali nyuma. Pembeni kina kingo ndefu zinazokumbatia mbavu na mapaja, na juu kina matundu mawili ya kupitishia mikanda ya mabega. Jina limetokana na umbo, kwa kuwa mtu hutumbukia ndani yake kama anayekaa kwenye ndoo. Kazi yake ni kuufunga mwili wa dereva na bodi ya gari viwe kitu kimoja, ili gari likisimama ghafla na yeye asimame nalo, sekunde ileile.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa kazi hiyo. Chukua gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa kwenye otokrosi, yaani mbio za magari kwenye njia fupi iliyotengwa, likagonga mti na kusimama ndani ya nusu mita. Kwa wastani, mwili wa dereva hapo unavutwa mbele kwa nguvu ya mara 28 ya uzito wake. Mtu wa kilo 75 anakuwa kama mzigo wa tani mbili na zaidi. Kichwa chake pamoja na helmeti, tuseme kilo sita na nusu, kinaivuta shingo kama kilo 180. Mzigo wote huo unapita kwenye mkanda, unaingia kwenye kiti, unashuka kwenye bolti, unaishia kwenye bati la sakafu. Popote penye udhaifu katika njia hiyo ndipo patakapoachia. Ndiyo maana nasisitiza kwamba baketi hainunuliwi peke yake. Unanunua mlolongo mzima, au unabaki na kiti cha kiwandani.

Na kubaki na kiti cha kiwandani si aibu. Wengi huku kwetu huanza na Subaru Impreza iliyoagizwa Japani ikiwa imetumika, wanaiendesha kazini siku za wiki na kuipeleka otokrosi Jumapili. Kama gari hilo bado halina keji, yaani ile fremu ya mabomba ya chuma inayozunguka ndani ya bodi, mkanda wake wa pointi tatu, yaani unaoshikwa mahali patatu, na mifuko ya hewa vilibuniwa vifanye kazi pamoja, tena vikapimwa pamoja. Ukitia mikanda ya mbio bila keji unaharibu mpango huo. Gari likipinduka, paa linashuka, na wewe umefungwa wima huwezi kuinama wala kulala pembeni. Nimeona magari mengi ya mtaani yenye baketi nyekundu na mikanda ya pointi nne iliyofungwa kwa ajili ya kupendeza, na kila mara naumia moyo, kwa sababu mwenyewe anaamini ameongeza usalama.

Basi tuseme keji ipo. Kuchagua kiti kunaanza na mwili wako. Kaa ndani ukiwa umevaa ovaroli yako ya mbio, maana nguo hiyo ni nene na inabadilisha vipimo. Nyonga ziguswe pande zote mbili bila kubanwa, mbavu zishikwe, na ukijaribu kujisukuma kulia na kushoto usogee kidogo mno. Kisha tazama matundu ya mikanda. Bega lako lisiwe juu kuliko tundu. Likiwa juu, mkanda utakuwa unalivuta bega kwenda chini, na wakati wa kugonga nguvu hiyo inaishia kwenye uti wa mgongo. Dereva mrefu mwenye kiti cha mtu mfupi yuko hatarini hata kama kiti ni cha bei ya juu kuliko vyote dukani. Ukiwa umevaa helmeti, angalia pia nafasi kati ya kichwa na keji. Kiti kikikuinua mno, tafuta mabano (vyuma vya kukishika kiti) ya chini zaidi, na bomba lililo karibu na kichwa livikwe povu gumu lililotengenezwa kwa kazi hiyo, si sponji ya godoro.

Viti hivi hutengenezwa kwa bomba la chuma, faiba au kaboni. Cha bomba ni kizito na cha bei nafuu, na kikizidiwa hupinda. Cha faiba ni chepesi zaidi, ila kinaweza kupata ufa usiouona chini ya kitambaa. Kaboni ni nyepesi kuliko zote na bei yake inajulikana. Kwa anayeanza, cha bomba au cha faiba chenye lebo halali kinatosha, na pesa iliyobaki iende kwenye mikanda.

Lebo yenyewe hushonwa au kubandikwa kwenye kiti, na inaeleza kwamba aina hiyo imepitia majaribio ya FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Ndicho wanachokiita homologesheni. Kiti chenye lebo ya 8855-1999 huhesabiwa miaka mitano tangu kutengenezwa. Cha kiwango cha juu zaidi, 8862-2009, miaka kumi. Mkanda nao una lebo inayotaja mwaka wa mwisho wa kuutumia. Hapa pana mtego kwa sisi tunaonunua vitu vilivyotumika. Kiti kinafika Mombasa au Dar es Salaam kutoka Japani au Uingereza kikionekana kipya, kitambaa hakijachanika, kumbe muda wake ulikwisha zamani, au kiliwahi kuwa ndani ya gari lililogonga. Pia zipo baketi za kuiga zenye jina la kampuni kubwa na zisizo na lebo yoyote. Nje zinafanana kabisa na za kweli. Kiti kisicho na lebo mimi sikikalii, hata bure.

Sasa sakafuni, mahali ambapo wengi hukosea. Ari Vatanen, bingwa wa dunia wa rali wa mwaka 1981, aliyeshinda Safari Rally ya mwaka 1983 kwa Opel Ascona, alipata ajali mbaya Argentina mwaka 1985 akiwa na Peugeot 205 T16. Gari lilibingirika na kiti chake kikavunjika. Kuanzia hapo mkanda haukuwa na kitu cha kumfungia. Aliumia vibaya, akakaa nje ya mchezo kwa muda mrefu kabla ya kurudi na kushinda Paris–Dakar mwaka 1987. Huyo alikuwa dereva wa timu ya kiwanda. Fikiria sasa kiti kilichofungwa uani kwa vyuma vilivyobaki kwenye karakana ya mageti.

Kanuni za FIA zinataka kila kiti kishikwe kwa pointi nne au zaidi, kila moja na bolti ya milimita 8 au kubwa zaidi, na mabano ya chuma yawe na unene usiopungua milimita 3, au 5 yakiwa ya aloi nyepesi. Bolti ikipita kwenye bati la sakafu tupu, hata iwe nene vipi, italing'oa bati kama kifungo kinavyong'oka kwenye shati kuukuu. Lazima pawe na bamba la chuma la kutawanya mzigo, na kama gari lina kutu chini, kutu hiyo ikatwe na bati lichomelewe upya kwanza. Reli za kusogeza kiti mbele na nyuma zinakubalika tu kama ni zile zilizokuja na gari au na kiti chenyewe. Kwa gari la dereva mmoja, ni bora kiti kifungwe moja kwa moja, kisisogee kamwe. Mkimaliza kufunga, mtu akae ndani na wengine wawili watikise gari. Kiti kikilia, rudini chini.

Mikanda ya mbio ninayoipendekeza ni ya pointi sita: miwili ya mabega, miwili ya kiuno, miwili inayopita kati ya mapaja. Hii ya mapajani ndiyo watu huiacha wakisema inasumbua. Kazi yake ni kuuzuia mwili usiteleze chini ya mkanda wa kiuno. Bila hiyo, unapogonga, mikanda ya mabega hukivuta kifungo cha mikanda juu, mkanda wa kiuno unapanda kutoka kwenye mifupa ya nyonga hadi tumboni, na tumbo halina mfupa wa kupokea tani mbili. Kwa sababu hiyo mkanda wa kiuno hukazwa wa kwanza, chini kabisa, kwenye mkunjo kati ya mifupa ya nyonga na mapaja, ndipo ya mabega ifuate. Ya mabega nayo inapotoka kwenye kiti ielekee nyuma karibu usawa. FIA inapendekeza mteremko usizidi digrii 10 na inakataza kupita 45. Kuifunga sakafuni nyuma ya kiti ni kosa lile lile la tundu lililo chini ya bega. Ifungwe kwenye bomba la keji lililowekwa kwa kazi hiyo. Jua letu nalo hula nyuzi za mkanda, kwa hiyo gari likiegeshwa nje, lifunikwe. Na mkanda uliowahi kumzuia mtu kwenye ajali umekwisha kazi, kwa sababu nyuzi zimekwisha kunyooka.

Mwili ukishafungwa vizuri hivi, kichwa pekee ndicho kinachobaki huru, na hilo lina hatari yake. Robert Hubbard, mtaalamu wa biomekanika, yaani jinsi nguvu zinavyoutenda mwili, wa Chuo Kikuu cha Michigan State, pamoja na shemeji yake Jim Downing aliyekuwa dereva, walibuni HANS baada ya rafiki yao kufa katika ajali ya gari la mbio mwaka 1981. Ni nira ya kaboni au plastiki ngumu inayokaa mabegani chini ya mikanda, yenye kamba mbili fupi zinazoshika helmeti ili kichwa kisirushwe mbele. Kwa miaka mingi madereva waliikataa. Februari 2001 Dale Earnhardt, dereva mashuhuri wa Marekani, alikufa kwenye mbio za Daytona kwa kuvunjika sehemu ya chini ya fuvu, jeraha lile lile ambalo HANS ilibuniwa kulizuia, na mwaka 2003 ikawa lazima kwenye Formula One. Kwa magari ya kukaa wima kama ya rali, watu wengi huchukua yenye mwinamo wa digrii 20. Inahitaji helmeti yenye vishikio vyake, na helmeti hiyo iwe ya magari. Ya pikipiki haikupimwa kwa moto wala kwa kugonga bomba la keji mara kwa mara.

Baadhi ya viti vina masikio makubwa pande mbili za kichwa. Umuhimu wake ni kwenye kugongwa ubavuni. Septemba 2005, katika rali ya Wales, Peugeot 307 iligonga mti upande wa navigeta, yule anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia, na Michael Park akafa. Masikio yanapunguza kidogo uwezo wa kuona pembeni, jambo ambalo kwenye mzunguko wenye magari mengi unalihisi. Kwenye rali, ambako mti au ukuta wa mto uko hatua mbili kutoka barabarani, mimi ningeyachukua bila kusita, tena kwa viti vyote viwili.

Ovaroli isiyoshika moto haraka, glavu na viatu, nunua vyenye lebo ya FIA kama mashindano yako yanavyotaka. Kizima moto cha mkononi kishikwe kwa mikanda miwili ya chuma. Kile cha kibano cha plastiki kikitoka mahali pake wakati gari linabingirika, ni jiwe linalorukaruka ndani pamoja nanyi.

Navigeta hukaa chini zaidi na nyuma zaidi ya dereva, kwa hiyo vipimo vyake vifanywe upya akiwepo yeye mwenyewe, akiwa na ubao wa kukanyagia miguu na daftari la maelezo ya njia mkononi. Kwenye vumbi kama la Naivasha, lile laini kama unga, kifungo cha mikanda hujaa uchafu na kinaweza kugoma kufunguka, basi kipulizwe kila mnaposimama kuhudumia gari. Kwenye rali lazima pawe na visu viwili vya kukatia mikanda. Fungeni mikanda yote hadi mwisho, gari likiwa limesimama karakanani, kisha kila mmoja anyooshe mkono akitafute kisu chake bila kutazama. Asiyekifikia, kihamishwe sasa hivi, kabla ya kuweka nyaya za mawasiliano.