Zinki ya kupulizia haitibu mshono wenye ufa

Dhana: Ukipulizia zinki au alumini iliyoyeyushwa juu ya mshono wa kuchomelea, mshono unaongezeka nguvu.

Ukweli: Mpako huo ni mwembamba, una vitundu, na umeng'ang'ania tu mikwaruzo ya chuma, haubebi mzigo. Uchovu wa chuma, yaani kupasuka kidogo kidogo kwa mzigo unaorudiarudia, huanzia pale mshono unapokutana na bamba. Hapo umbo hubadilika ghafla, mkazo (nguvu inayokivuta chuma kwa ndani) hujikusanya, na chuma kilichopoa baada ya kuchomelewa kimebaki kikijivuta chenyewe ndani kwa ndani. Mzigo ukija na kuondoka, ukija na kuondoka, ufa hukua.

Hata hivyo mshono uliopuliziwa unaweza kudumu zaidi. Chembe ngumu zinazorushwa kusafisha chuma kabla ya kupulizia huugandamiza uso, na uso uliogandamizwa haupasuki upesi. Kisha mpako huzuia maji ya chumvi. Baharini faida hiyo ni kubwa, kwa kuwa chuma kinacholiwa na kutu huchoka hata kwa mkazo mdogo ambao nchi kavu kingeuvumilia.

Dhana: Nunua chuma cha daraja la juu, tatizo limekwisha.

Ukweli: Kwa mshono ulioachwa jinsi ulivyochomelewa, kanuni za usanifu hutumia kiwango kilekile cha uchovu kwa chuma laini na kwa chuma imara.

Dhana: Mpako ukiwa safi, kazi ni safi.

Ukweli: Hii ndiyo inayoua. Tarehe 27 Machi 1980, jukwaa la Alexander L. Kielland, makazi ya wafanyakazi wa mafuta yaliyoelea baharini, lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwei. Kati ya watu 212 waliokuwamo, 123 walikufa. Ufa ulianzia kwenye mshono mdogo wa milimita 6, ulioshikilia kifaa cha kusikilizia sauti majini. Wachunguzi walikuta rangi ndani ya ufa: ulikuwapo tangu kiwandani, ukapakwa ukafichwa.

Kwa hiyo tengeneza umbo kwanza. Saga ukingo wa mshono kwa grainda ya ncha ndogo, ushuke angalau milimita 0.5 chini ya kasoro inayoonekana. Taasisi ya Kimataifa ya Uchomeleaji huruhusu mkazo uongezwe mara 1.3 kwa kazi hiyo ikifanywa vizuri kwenye chuma laini. Kwa mkazo uleule, umri wa mshono ni kama mara mbili. Mikwaruzo ya grainda ifuate mwelekeo wa mkazo, isiukate. Kagua nyufa, ndipo upulizie.