Kipimo "sahihi kwa asilimia 95" na hesabu inayowashinda mabingwa

Kila inapofanyika kambi ya matibabu ya bure hapa Malindi, wiki inayofuata naulizwa maswali na watu walioshika karatasi za maabara, nyuso zimesawijika. Hao nawavumilia. Wanaonichosha ni madaktari wanaoniletea data za utafiti niwachambulie, kisha wakarudia yaleyale.

"Kipimo kina usahihi wa asilimia 95, basi aliyepatikana nao ana ugonjwa kwa asilimia 95."

La, wala hukukaribia. Mwaka 1978 yalichapishwa majibu ya watu 60 wa hospitali za Harvard, Marekani: wanafunzi wa udaktari, madaktari na walimu wao. Swali: ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 1,000, na kipimo kinawasingizia asilimia 5 ya wasio nao. Aliyepatikana nao, uwezekano kwamba kweli anaumwa ni kiasi gani? Karibu nusu walijibu 95. Waliopatia walikuwa 11. Swali likarudiwa Boston, matokeo yakachapishwa 2014: jibu la wengi bado ni 95, na waliopatia hawakufika robo.

Na hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi! Wapange foleni watu 1,000 wa Shella. Mgonjwa ni mmoja, tuseme kipimo kinamnasa. Wazima ni 999. Asilimia 5 yao, kama 50 hivi, wanasingiziwa. Waliopewa karatasi ya kuwatisha ni 51, na anayeumwa kati yao ni yule mmoja. Hiyo ni asilimia 2.

Kipimo hakijabadilika, kinachobadilika ni nani anapimwa. Wapime watu 1,000 ambao nusu yao tayari wanaumwa, utawanasa 500 na kuwasingizia 25, na hapo ndipo ile 95 inapokuwa kweli. Ndiyo maana jibu la mtu aliyekuja na dalili zote lina uzito kuliko la mtu aliyekuwa akipita njia akaitwa hemani.

Dawa yake naihubiri mpaka naudhi watu: achaneni na asilimia, hesabuni vichwa. Gerd Gigerenzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliwauliza madaktari 160 wa magonjwa ya wanawake swali la namna hiyo kuhusu mamografia, ile picha ya eksirei ya matiti ya kutafuta saratani. Waliopatia walikuwa asilimia 21. Walipofundishwa kuhesabu wanawake badala ya asilimia, wakafika 87.

"P iko chini ya 0.05, basi uwezekano kwamba ni bahati tu ni chini ya asilimia 5." Si hivyo. P, ile namba inayotoka kwenye hesabu za utafiti, inaanza kwa kudhani dawa haifanyi kitu, kisha inauliza data kama hizi, au za kupita hapo, zingejitokeza mara ngapi. Haikwambii dawa inasaidia kwa kiasi gani. Chama cha wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko zima juu ya hili mwaka 2016, lakini bado naletewa faili na agizo la "nitafutie p".

"Hatari imeongezeka maradufu." Kutoka ngapi? Uingereza, 1995, wanawake walitangaziwa hivyo kuhusu vidonge vipya vya uzazi wa mpango na damu kuganda. Ilikuwa imetoka mmoja kati ya 7,000 hadi wawili. Wengi waliacha vidonge, na mimba zilizotolewa mwaka uliofuata zikaongezeka.

"Saratani ikigunduliwa mapema, wengi hutimiza miaka mitano wakiwa hai tangu igunduliwe, kwa hiyo kupima kunaokoa." Atakayekufa na miaka 70, ukimgundua akiwa na 67 hatimizi mitano, ukimgundua akiwa na 60 anatimiza kumi, na siku ya kufa ni ileile. Utafiti wa Marekani wa 2012 ulikuta kama robo tatu ya madaktari wanaichukulia takwimu hiyo kuwa ushahidi. Mimi nauliza vifo tu: kati ya 1,000 waliopimwa na 1,000 wasiopimwa, wamekufa wangapi kila upande?