Twiga na Simu Begani: Dhana Potofu Kuhusu Kuchora Wanyama wa Kuchekesha

Chura amevaa miwani, anasoma gazeti. Kuku amekumbatia mkoba kwenye basi lililojaa. Michoro ya namna hii mtu huitazama kwa sekunde chache, akacheka, akafunua ukurasa unaofuata. Pengine ndiyo maana imezungukwa na maneno mengi yasiyo na msingi: eti ni kazi nyepesi, eti ni ya watoto, eti inataka mtu aliyezaliwa nayo. Mengi kati ya hayo yana mzizi mmoja, nao ni kudhani kwamba mzaha huanzia pale kutazama kunapoishia. Wanaochora wanyama hawa kila siku wanajua kwamba bila kutazama hakuna mzaha wa maana.

"Mnyama wa kuchekesha hahitaji kufanana na mnyama wa kweli"

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayoharibu michoro mingi.

Chukua mguu wa nyuma wa mbwa. Wengi huamini goti la mbwa linapinda kuelekea nyuma. Sehemu ile si goti. Ni kifundo cha mguu na kisigino chake. Mbwa na paka hutembea kwa vidole, kisigino kikiwa juu hewani, na goti lenyewe liko karibu na tumbo, linapinda mbele vilevile kama letu. Farasi amepita kiasi: kila mguu unasimamia ncha ya kidole kimoja. Heroe naye, lile "goti" la katikati ya mguu ni kifundo, goti halisi limefichwa na manyoya. Dubu yeye hukanyaga kwa unyayo mzima kama binadamu, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo dubu wa vitabu vya watoto anakubali kirahisi kusimama kwa miguu miwili na kubisha hodi. Huna haja ya kumvunja mfupa.

Sasa unataka mbwa wako abishe hodi. Visigino ukiviacha juu, ataonekana ananyata. Ukivishusha chini, atakuwa mtu aliyevaa kichwa cha mbwa. Vitabu vimejaa wa aina zote mbili, ila mimi huchagua wa kwanza, kwa sababu yule anayenyata tayari ana hadithi: kwa nini anakuja kimyakimya?

Vitu vidogo vya namna hii viko kila upande. Miguu minane ya buibui yote hutokea sehemu ya mbele ya mwili, hakuna hata mmoja unaoota tumboni. Zile "pembe" za bundi ni manyoya tu, masikio yako kwingine kabisa, na chini ya lile gauni la manyoya ameficha pia miguu mirefu usiyoitarajia. Fisi madoa ana miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, ndiyo maana mgongo wake unateremka na yeye anaonekana daima kama ametoka kufanya kosa. Hadithi zetu zimemfanya mlafi na mwoga. Porini huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake. Mchoraji anayeujua mteremko ule wa mgongo hahitaji kumdondosha mate wala kumchongea meno. Mstari mmoja unatosha kumtia hatiani.

Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani, ametuachia ushahidi mzuri bila kukusudia. Mwaka 1502 alichora sungura ambaye unaona manyoya yakibadili mwelekeo begani na sikioni. Mwaka 1515 akachora kifaru aliyepelekwa Lisbon kutoka India, lakini hakumwona. Alitegemea maelezo ya barua na mchoro wa mtu mwingine. Akatoka kifaru mwenye mabamba kama vazi la chuma na kipembe cha ziada juu ya mabega. Mkono ni uleule. Kifaru yule alinakiliwa Ulaya kwa zaidi ya miaka 200, na kusema kweli anapendeza sana, ila Dürer hakuwa anatania.

Mwingine ni Edward Lear wa Uingereza, aliyepata umaarufu kwa mashairi ya upuuzi na vikatuni vyake vya mistari michache alivyoanza kuvichapisha mwaka 1846. Kabla ya hapo alikuwa mchoraji wa ndege kwa ajili ya wanasayansi. Kitabu chake cha kasuku kilikamilika mwaka 1832, akiwa na miaka kama 20 tu, na alipendelea kuwachora ndege hai badala ya waliokaushwa. Anapochora ndege wa upuuzi, uzito bado umekaa juu ya miguu mahali pake.

"Wazo la kuchekesha hushuka tu, na wengine halitushukii"

Kwangu mimi wazo halishuki. Liko mlangoni.

Mtazame mtu anayetafuta funguo ndani ya begi huku simu ameibana kati ya sikio na bega. Kichwa kimelalia upande. Bega moja limepanda. Goti limeinuka kulitegemeza begi, mkono mzima umezama ndani, na macho yanaangalia juu kwa sababu vidole ndivyo vinavyotafuta. Uchore mkao huo kwa mistari mitano au sita, bila sura, bila nguo. Halafu jiulize ni mnyama gani angejikuta katika hali hiyo.

Mweke twiga, na mambo yanakwama papo hapo. Shingo yake hukaribia mita mbili. Sikio na bega havikutani hata wakiitiwa kikao. (Shingo hiyo ina pingili saba, idadi ileile ya shingo ya binadamu, ila kila moja ni ndefu kupindukia, kwa hiyo haijikunji ovyo kama mpira wa bustani.) Basi twiga wetu simu ameilaza begani kwa mazoea tu, na anapaza sauti kuelekea chini akidhani mtandao ndio mbaya. Hapo mchoro umejileta wenyewe, na aliyeuleta ni umbo la mnyama.

Mtoe twiga, mweke bundi. Shingo haionekani, simu imezama kwenye manyoya, na kichwa kinachoweza kugeuka hadi nyuzi 270 kinamwangalia jirani anayepita nyuma yake. Nungunungu je? Funguo zimemning'inia mgongoni siku nzima, ndiyo maana begini hazipo.

Tabia ni moja, wanyama watatu, vichekesho vitatu tofauti. Ndiyo maana daftari dogo la kunasa mikao ya watu, wanaosubiri zamu, wanaosinzia kikaoni, wanaojifanya wanasikiliza, lina faida kuliko kukaa mezani ukikodolea macho karatasi tupu. Mchoro wa haraka wa nusu dakika unatosha. Mtu akisogea kabla hujamaliza, usimwandame. Anza mwingine, yule wa kwanza huenda akarudia mkao wake baada ya muda, maana watu hujirudia sana.

"Mchoraji wa kweli huona picha kichwani kwanza, kisha hunakili"

Wapo wa hivyo. Wapo pia wasioona kitu. Mwaka 2015 mtafiti Adam Zeman na wenzake walitoa jina la afantasia kwa hali ya mtu kutoweza kabisa kujenga picha akilini. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa studio ya filamu za katuni ya Pixar, amesema hadharani kwamba yuko hivyo, na akaeleza kwamba Glen Keane, mmoja wa wachoraji wakubwa wa katuni wa Disney, naye hali yake ni hiyohiyo. Kwa hiyo ukifumba macho ukaambulia giza, si dalili kwamba kazi hii haikufai. Anza na mistari ya ovyo, zungusha, ongeza sikio, ondoa sikio, mpaka mnyama ajitokeze kwenye karatasi. Hata wale wenye picha kichwani, wengi wao wakikaa kuchora hugundua kwamba ile picha haikuwa na miguu.

"Mvishe mnyama nguo, atachekesha"

Atachekesha mara moja. Nguo ikiwa pambo tu, mnyama wa pili na wa tatu ni yuleyule aliyebadilishiwa shati.

Beatrix Potter, mwandishi na mchoraji wa Uingereza wa vitabu vya watoto, alilielewa hili mapema. Yeye na mdogo wake wa kiume walikulia katikati ya wanyama wa kufuga, wakiwachora na kuchunguza hata mifupa ya waliokufa. Baadaye alichora uyoga kwa umakini wa kisayansi. Sungura wake maarufu, Peter Rabbit, alianzia kwenye barua yenye michoro aliyomwandikia mtoto mgonjwa mwaka 1893. Wachapishaji walipomkataa alijichapishia mwenyewe nakala 250 mwaka 1901, na mwaka uliofuata kampuni moja kati ya zile ikakubali kukitoa kitabu. Utazame ule mchezo wa koti. Sungura akiwa na koti husimama wima kama mtoto mtundu wa binadamu. Koti na viatu vikimpotea, anakimbia kwa miguu minne, mnyama mtupu anayeokoa roho yake. Koti ndilo linalotuambia tuko upande gani wa mpaka.

Kabla hujachora kofia, basi, uliza kofia inafanya kazi gani. Inakaaje juu ya masikio marefu? Suruali ina tundu la mkia? Nani alilitoboa? Maswali haya yanaonekana ya kipuuzi, lakini msomaji wa miaka mitano atakuuliza yote, tena mbele za watu.

"Siri iko kwenye macho makubwa"

Macho makubwa yana nguvu yake, na sababu inajulikana. Konrad Lorenz, mtafiti wa tabia za wanyama, aliandika mwaka 1943 kwamba kichwa kikubwa, paji la uso lililojaa, macho makubwa yaliyokaa chini kidogo ya kawaida na mashavu ya mviringo hutuamshia hisia za kulea. Hayo ni maumbile ya mtoto mchanga. Kwa hiyo ukimpa kila mnyama macho hayo, umechora watoto wachanga watupu: simba mchanga, mamba mchanga, hata babu kobe naye mchanga.

Uchovu, wivu na aibu hukaa mahali pengine. Masikio ya farasi yakilala nyuma, unajua amekasirika kabla hujayaona macho. Mbwa ana msuli unaoinua nyusi upande wa ndani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mbwamwitu karibu hana msuli huo kabisa. Kimstari kimoja kilichoinuka juu ya jicho kinamfanya mbwa aombe radhi, ilhali mbwamwitu ukimwekea kitaonekana cha kuazima. Nukta mbili kwa macho zinatosha kabisa kama mabega, shingo na mkia vinasema. Fanya jaribio hili: funika uso wa mnyama uliyemchora kwa kidole. Kama hisia imetoweka yote, rudi kwenye mkao.

"Haya ni mambo ya kitoto"

Kwenye makumbusho ya British Museum jijini London kuna papiri (karatasi ya mafunjo) ya Misri ya kale, ya zaidi ya miaka 3,000, ambamo simba na swala wameketi wanacheza mchezo wa ubao, na kwingineko paka anachunga bata. Hekalu la Kozan-ji, Kyoto nchini Japani, linahusishwa na magombo ya karne ya 12 na 13 yanayoonyesha vyura na sungura wakipigana mieleka, bila neno hata moja lililoandikwa. Watu wazima ndio waliochora, na hakuna dalili kwamba waliwachorea watoto peke yao.

"Bila vifaa vya bei mbaya hutafika"

Penseli ya HB au 2B, karatasi yoyote. Ukitaka kupaka rangi za maji juu ya wino, hakikisha wino ni ule usioyeyuka kwa maji, la sivyo sungura wako atageuka wingu. Na raba iweke mbali kwa muda: ule mstari wa kwanza uliokosewa mara nyingi ndio unaokuonyesha wa pili upite wapi.

"Kunakili ni wizi" na pacha wake, "Nimebadilisha rangi, sasa ni wangu"

Yote mawili yamepotoka. Kunakili kurasa za kitabu unachokipenda ili kujifunza, daftari likabaki kwako, ni njia ya zamani sana na inafaa: unagundua mchoraji alitumia mistari mingapi kwenye pua, na mingapi aliamua kuiacha. Mtindo wa mtu haumilikiwi na yeyote. Mchoro wenyewe ndio unaolindwa, na mara nyingi hata mhusika anayetambulika. Kumbadilishia sungura wa mwenzako koti la bluu likawa jekundu hakumfanyi awe wako.

Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, kama ulivyorekebishwa, unazitaka nchi wanachama kulinda kazi nyingi kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi au mchoraji, na nchi nyingi zimekwenda hadi 70. Potter alifariki mwaka 1943, kwa hiyo kwenye nchi nyingi za miaka 70 hakimiliki ya michoro aliyoichapisha enzi za uhai wake imekwisha. Majina na picha za wahusika, hata hivyo, zinaweza kuwa zimesajiliwa kama alama za biashara, na ulinzi huo huhesabiwa kivingine. Ukitaka kumtia sungura huyo kwenye fulana za kuuza, anza na sheria ya nchi yako, kisha ndipo umwite mchapaji.