Mwingiliano wa mlo: ng'ombe na pundamilia kwenye malisho mamoja

Jirani yangu hapa Goba anafuga ng'ombe wawili wa maziwa uani kwake. Kila asubuhi kijana wa bodaboda humletea viroba vya majani yaliyokatwa kandokando ya barabara na kwenye viwanja ambavyo havijajengwa. Jumamosi moja nilikaa nikawaangalia wakila. Yule mwekundu alizungusha ulimi kwenye fungu la majani, akavuta, akatafuna, akarudia. Baada ya muda kihori kilibaki na mabua matupu, yale magumu yenye vifundo. Nikauliza, "Mama, mbona haya hawayagusi?" Akanijibu, "Hayo mwanangu watayala siku nikikosa kingine cha kuwapa."

Jibu lake linafungua vizuri dhana ambayo watafiti wa wanyamapori huiita mwingiliano wa mlo. Maana yake ni kiasi ambacho chakula cha mnyama mmoja kinafanana na cha mwingine anayeishi naye eneo moja. Hupimwa kwa namba kuanzia 0 hadi 1. Ikiwa 0, hakuna hata mmea mmoja wanaokula wote wawili. Ikiwa 1, wanakula mimea ileile kwa uwiano uleule. Namba hiyo haisemi kwamba wanyama hao wanagombania chakula, na hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Hapa Dar utasikia watu wanabishana, mmoja anadai ng'ombe wanamaliza majani ya wanyama wa porini, mwingine anadai nyumbu na pundamilia ndio wanaowanyima ng'ombe. Wote wawili wanachukulia kwamba kula kitu kimoja ni kunyang'anyana. Ili watu wanyang'anyane, kitu lazima kiwe hakitoshi.

Kwanza tuwatenganishe walaji wenyewe. Twiga na digidigi hula majani ya miti na vichaka. Nyumbu, nyati, pundamilia na ng'ombe hula nyasi. Swala pala na tembo wapo katikati, mvua ikinyesha wanaegemea nyasi mbichi, kiangazi kikikaza wanahamia kwenye vichaka. Mwingiliano wa ng'ombe na twiga uko karibu na 0, kwa hiyo hatuna haja ya kuuzungumzia sana. Mbuzi ndiye wa kuangaliwa upande huo wa vichaka.

Kwa walaji nyasi mambo ni mazito zaidi, na siri iko mdomoni na tumboni. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, ana ufizi mgumu tu, ndiyo maana hukusanya majani kwa ulimi na kuyavuta. Nyasi zikiwa fupi sana ulimi hauna cha kushika. Nyumbu ana mdomo mpana unaofaa kukwangua nyasi fupi mbichi. Swala tomi ana mdomo mwembamba, anachagua jani mojamoja hadi karibu na udongo. Pundamilia ana meno ya mbele juu na chini, anakata bua kama mkasi.

Kisha tumbo. Ng'ombe, nyumbu na swala wote hucheua. Chakula hukaa kwenye chumba kikubwa cha tumbo hadi kisagike vya kutosha ndipo kipite. Kwa hiyo ukimpa mcheuaji mabua makavu, tumbo hujaa mapema na mnyama anashinda ameshiba lakini anakonda. Pundamilia hacheui. Chakula chake huchachukia nyuma, kwenye utumbo mpana, na hupita haraka. Anapata kidogo kutoka kila tonge, ila anaweza kula matonge mengi sana. Mabua aliyoyaacha ng'ombe wa jirani yangu, pundamilia angeyala bila shida.

Jambo hili linaonekana wazi Serengeti mvua zinapokatika. Kwenye nyasi ndefu hutangulia pundamilia, wanakata mashina na vilele vikavu. Nyumbu hufuata, wanakuta majani ya chini yamefunguka. Nyuma yao huja swala tomi kwenye machipukizi na mimea midogo. Mwaka 1960 mtafiti Vesey-FitzGerald alieleza mfuatano wa aina hiyo katika bonde la Rukwa, ambako tembo na nyati walikanyaga na kufungua nyasi ndefu, wanyama wadogo wakafuata. Wote wanakula nyasi, na ukitaja nyasi kwa ujumla mwingiliano wao ni mkubwa mno. Lakini wanakula sehemu tofauti za nyasi na kwa wakati tofauti, na aliyetangulia anamwandalia aliye nyuma.

Je, ng'ombe anaingia kwenye foleni hiyo? Jibu lililo bora ninalolijua limetoka Laikipia nchini Kenya, katika kituo cha utafiti cha Mpala. Tangu mwaka 1995 kuna vitalu vya hekta 4 vilivyozungushiwa uzio, vingine vinaruhusu ng'ombe peke yao, vingine ng'ombe pamoja na wanyamapori. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kiangazi, ng'ombe waliochangia malisho na wanyamapori hawakuongezeka uzito sana kama waliokuwa peke yao. Mvua ziliponyesha ikawa kinyume chake, wale waliochangia ndio walionenepa zaidi. Pundamilia walikuwa wameondoa mabua makavu, na ng'ombe wakabaki na majani mabichi yenye lishe. Wanyama ni walewale, ardhi ni ileile, msimu tu ndio uliowageuza kutoka washindani kuwa wasaidizi. Mimi nililisoma hilo mara mbili kabla ya kuliamini.

Kuna anayejiuliza watu wanajuaje mnyama amekula nini. Zamani walimfuata ng'ombe mpole na kuhesabu kila tonge, lakini pundamilia hakubali kufuatwa hivyo. Ikabidi waende kwenye mavi. Vipande vya ngozi ya majani hubaki kwenye mavi, na kila mmea una alama zake chini ya hadubini. Njia nyingine hutumia kaboni, kwa sababu nyasi nyingi za nchi za joto hujitengenezea chakula kwa namna tofauti na miti, na tofauti hiyo huacha alama mwilini mwa mlaji. Njia hii ilitumika kuchunguza mlo wa ngiri kwenye iliyokuwa Ranchi ya Mkwaja, ambako ng'ombe walifugwa hadi mwaka 2000 na leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa Saadani, kaskazini mwa Bagamoyo. Kaboni hutenganisha nyasi na miti, ila haiwezi kutenganisha nyasi moja na nyingine. Hilo linafanywa na vinasaba. Uchunguzi wa vinasaba kutoka kwenye mavi ya wanyama wa Mpala, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba hata walaji nyasi walioonekana kula kitu kimoja walikuwa wanatofautiana katika aina za nyasi.

Kwa mfugaji, kiangazi ndicho kipindi cha kuogopa, naye alilijua hilo kabla ya maabara yoyote. Nenda mnada wa Pugu, waulize wanaoshusha ng'ombe kutoka Shinyanga, watakueleza habari ya ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua zikiwepo na kufunguliwa majani yakiisha kwingine. Wamaasai nao wana alalili kwa kazi hiyohiyo.

Kuna tahadhari moja kuhusu namba yenyewe. Mwingiliano mdogo unaweza kuficha mgongano mkubwa. Nyumbu wanapozaa kwenye nyanda za nyasi fupi za Ngorongoro, karibu na mwezi wa pili, ndama wao hubeba virusi ambavyo kwao si tatizo lakini kwa ng'ombe husababisha homa inayoua karibu kila anayeugua. Wamaasai huondoa ng'ombe wao kwenye nyanda hizo na kuwapeleka sehemu za juu, wakati nyasi za chini zikiwa bora kuliko za mwezi wowote. Mtafiti akipima mavi wiki hizo atakuta mimea tofauti kabisa, namba yake itashuka, na kwenye karatasi itaonekana nyumbu na ng'ombe hawaingiliani. Mchungaji aliye juu mlimani anaziona nyasi alizoziacha.