Je, rubani wa jeshi lazima aache kuruka ndipo asome uzamili?

Wengi huamini kwamba rubani wa jeshi akitaka shahada ya uzamili, sharti kwanza aachane na ndege. Si dhana ya bure: ratiba za kuruka hubadilika ghafla, na mtu anaweza kutumwa ng'ambo katikati ya muhula.

Tuchukue Marekani. Huko marubani wengi wa kijeshi ni maofisa wenye shahada ya kwanza tayari, na wapo wanaosoma ya pili kwa masafa, somo mojamoja, wakiendelea kuruka. Jeshi huweza kuchangia ada, ila ofisa anayepokea mchango huo hulazimika kubaki jeshini angalau miaka 2 baada ya kumaliza somo lililolipiwa. Kipengele hicho kisomwe kabla ya kutia saini! Kinachobana hasa ni usingizi. Kanuni za jeshi la anga hudai mapumziko ya saa 12 kabla ya zamu ya kuruka, yenye nafasi ya kulala saa 8 mfululizo. Kukesha na tasnifu usiku huo hakuna.

Kuhakiki si kazi. Wasifu rasmi wa makamanda marubani huwekwa mtandaoni: linganisha miaka ya shahada zao na miaka waliyokuwa vikosini wakirusha ndege.