Mvua zikikoma, kazi ya bustani hugeuka

Wiki za kwanza za Juni ndizo ninazozisubiri mwaka mzima. Masika yamekwisha, kipupwe kinaingia, na hapa Morogoro milima ya Uluguru inaamka na ukungu wakati udongo wa bustanini bado una unyevu wa mwezi Mei. Wengi hulima mboga mvua zikinyesha, na zikikatika wanatundika jembe. Mimi ni mtaalamu wa mboga, na ushauri wangu ni kinyume chake: huu ndio msimu wa mboga bora, ila kazi yake ni nyingine kabisa. Tangu Machi tulikuwa tunayafukuza maji. Sasa tunayatunza.

Kazi inaanzia kwenye matuta. Wakati wa masika tuliyainua ili mizizi isikae kwenye maji, lakini tuta lililoinuka likipigwa na jua hukauka juu na ubavuni pia. Kwa hiyo huwa nayabomoa. Nasawazisha udongo, nachanganya samadi iliyooza vizuri, debe moja hivi kwa kila mita mbili za mraba, kisha natengeneza majaruba: sehemu za kupandia zilizozama kidogo, zenye kingo pande zote. Ni kazi ya mgongo. Lakini ukimimina maji ukayaona yanatulia ndani badala ya kukimbilia njiani, unajua umelipwa.

Maji kiasi gani? Hilo ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na hesabu yake si ngumu. Kina cha milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mboga zilizofunika ardhi, siku kavu yenye jua, hutumia kama milimita nne hadi tano. Jaruba la mita 1 kwa 5 basi linataka lita 20 hadi 25 kwa siku, yaani ndoo kubwa moja na nyongeza. Miche michanga ipewe kidogo kidogo kila siku. Mboga iliyoshika mizizi ni afadhali uipe ndoo mbili na zaidi kidogo kila baada ya siku moja, maji yazame na mizizi iyafuate chini. Ukinyunyizia juu juu kila jioni, mizizi hubaki juu, na jua la saa saba mchana linaikuta hapo hapo. Udongo wa kichanga hauna subira hiyo. Wenyewe unataka maji mara nyingi zaidi. Chomeka kidole kabla ya kushika keni, udongo wenyewe utakujibu.

Kisha matandazo. Juni mahindi yanavunwa, mabua na nyasi kavu zipo tele, na inaniuma sana kuona zinachomwa moto. Tandaza unene wa sentimita tano hivi, uache nafasi kidogo kuzunguka shina ili lisioze, na utumie nyasi ambazo hazijazaa mbegu. Jua halitaugusa udongo, magugu yatakosa mwanga, na utapunguza safari za kisimani. Kama eneo lako lina mchwa, kagua chini ya matandazo mara kwa mara.

Raha kubwa ya msimu huu kwangu ni nyanya. Usiku ukiwa na joto, nyuzi 22 na kupanda, chavua hudhoofika na maua hudondoka bila kushika tunda; ndiyo sababu nyanya za Januari na Februari huku bondeni husumbua. Usiku wa kipupwe ni wa baridi, na vichala hushika vizuri. Napenda Tengeru 97, aina iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, mwaka 1997. Ganda lake ni gumu, hivyo inavumilia safari ya sokoni. Isimikie miti mapema na uwe na ratiba ya maji isiyoyumba. Ukiiacha ikauke kisha ukaifurikisha, chokaa iliyomo udongoni haifiki vizuri kwenye tunda, na kitako kinaoza kikawa cheusi. Watu hukimbilia kupiga dawa wakati tatizo ni maji.

Ukame unaleta adui wa nyanya, naye ni kantangaze, nondo mdogo. Mdudu huyu, asili yake Amerika Kusini, aligunduliwa Tanzania mwaka 2014, na hustawi mvua zinapokoma. Kiwavi wake hujificha ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kwa hiyo dawa nyingi za kugusa hazimfikii. Pita kila asubuhi, geuza majani, na ukiona mabaka meupe yanayopenyeza mwanga, chuma majani hayo uyafunge kwenye mfuko wa plastiki juani. Usiyatupe pembeni ya bustani, atarudi. Shamba la nyanya lililokwisha kuvunwa ling'olewe lote mara moja.

Mchicha unakwenda haraka: wiki tatu au nne unang'oa. Acha mimea michache iliyo bora, yenye majani mapana na iliyochelewa kutoa maua, izae mbegu. Kiangazi kitaikausha bila kuota ukungu. Vichwa vikianza kubadilika rangi, vikate, vikaushe kivulini, pukuchua juu ya kitambaa na upepete. Siku ya kusia, changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane sehemu moja.